Bukari ya mutumikaji inaanzia kwenye soko ya kijiji

Kila mara sendika inaikala pa meza na wakubwa wa kompani juu ya mushahara, watumikaji wanatutuma na neno moja mbele ya yote: mufuko wa bunga. Kama bei ya mufuko wa kilo 25 imepanda, nyongeza ile tulipigania miezi mingi inaisha mbele mwezi haujafika katikati. Ndiyo maana leo ninataka tuzungumuze juu ya kitu ambacho wengi wetu, watu wa mugodi, tunafikiri hakituangalie: soko ndogo za vijiji, kule walimaji wanauzisha mahindi, mihogo, karanga na lengalenga.

Huku kwetu Katanga tulizoezwa vingine tangu zamani. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, na njia ya reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910. Mutumikaji wa mugodi alikuwa anapewa posho. Gécamines nayo iliendelea na desturi ile, ikagawa bunga kwa watu wake miaka mingi. Mutoto wa kambi alikomaa anajua kama bunga inatoka ku kompani, hapana ku shamba. Halafu mwaka 2003 watumikaji zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kwa ile tuliitaka “départ volontaire”. Posho ikaisha, na wengi wao walishika jembe. Siku ile njo tulianza kuelewa kama bukari iko na mwenyewe, na mwenyewe ni mulimaji.

Lakini mupaka ungali unatushika kwenye shingo. Sehemu kubwa ya mahindi na bunga tunayokula Lubumbashi, Likasi na Kolwezi inapitia Kasumbalesa, kutoka Zambia. Mwezi wa pili 2024, raisi wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Inchi ambayo watu wake wenyewe wanatafuta chakula haiwezi kutufungulia gala yake, na hatuwezi kuilaumu. Kila mara mlango ule unafungwa, mama wa nyumba huku njo anajua wa kwanza, kwa sababu meka inapanda bei asubuhi moja tu.

Sasa tuangalie mulimaji wetu. Mvua inaanza mwezi wa 11, anapanda. Anavuna mwezi wa 4 na wa 5. Wakati ule kila mutu kijijini iko na mahindi, basi bei inaanguka. Na yeye hawezi kungojea: kuko deni ya mbolea, kuko masomo ya watoto, kuko mugonjwa. Wadudu nao wanaingia katika mahindi kama hakuna depo muzuri. Pale njo mubiashara anafika na kamio yake. Anakuja na bei yake na meka yake, ile wamegonga kwenye chini na nyundo mpaka imetanuka. Mulimaji anapima, anapoteza, anasema asante. Mwezi wa kwanza, gala iko mutupu, na mulimaji huyu huyu anatafuta bunga ya kununua kwa bei ya muji.

Kule kuko soko ya kweli, hata ya siku moja kwa juma, mambo inageuka. Wanunuzi wanakuwa watano ao kumi, hapana mumoja. Mulimaji anasikia bei mbele ya kufungua gunia. Mama anaweza kuuzisha kidogo kidogo: leo mafungu mawili ya matembele, juma ijayo karanga, mwezi wa pili mahindi ya mbichi. Lengalenga haiwezi kungojea kamio. Bila soko karibu, inakauka ku shamba. Makuta anayopata pale anaacha sehemu pale pale: chumvi, sabuni, mashini ya kusaga, mutu wa kutengeneza kinga. Ingine anaiingiza mu likelemba na wenzake, na zamu yake ikifika ananunua mbegu bila kukopa kwa mubiashara. Njo vile kijiji kinaishi.

Kuko ndugu mumoja wa sendika aliniuliza: “Delege, wewe unataka bunga ikuwe bei ya chini ao unataka mulimaji alipwe muzuri? Huwezi kutaka vyote viwili.” Ulizo lake ni la haki. Lakini fuata mufuko wa mahindi tangu shamba mpaka pa moto. Kamio inakwama ku barabara mbovu, mwenye kamio anaongeza bei. Bariera ya kwanza inaomba takse, ya pili inaomba ingine, ya tatu haitoe hata karatasi. Halafu kuko wa kununua na kuuzisha tena, na wa kufunga gala akingojea njaa. Mulimaji alipokea kidogo, mutumikaji analipa mingi, na katikati kuko shimo. Mulimaji na mutumikaji hawako maadui. Wote wawili wanaibiwa ndani ya shimo moja.

Ndani ya shimo ile, sisi watu wa mugodi tuko na nguvu kuliko tunavyofikiri. Sheria ya migodi ya 2018 inagawanya redevance minière: 25% ni ya jimbo, 15% ni ya sekta, chefferie ao commune kule kompani inachimba. Tena kila kompani inapashwa kutosha angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji. Tukiwa na makuta ile, tunaweza kuomba vitu vinavyoonekana: hangari ya soko yenye mabati, depo yenye kukauka, kilo ya kweli mahali pa meka iliyogongwa, na barabara ya kutoka shambani itengenezwe mbele ya mvua, hapana nyuma.

Wakati wa gavana Moïse Katumbi, kompani za mugodi ziliombwa kulima hektari 500 za mahindi kila moja. Wazo lilikuwa la kusaidia. Lakini shamba ya kompani na trakteri yake haiwezi kuwa soko ya mulimaji mudogo. Yeye anahitaji mununuzi.

Na mununuzi iko: kantini. Kompani moja kubwa inalisha mamia ya watu kila siku. Nimeona kantini kule maharagwe, vitunguu na hata kabichi zinavuka mupaka, na karibu na mulango wa kompani wamama wameikala na mboga yao pa chini. Ukiuliza, wanakujibu: walimaji hawana fakture, leo wanaleta, kesho hapana. Haiko bongo. Lakini walimaji wakijiunga mu koperative, fakture inakuwa moja, na juma hii wa kijiji kimoja analeta, juma ijayo wa kingine. Kinachobaki ni kulipa mapema. Mulimaji hawezi kungojea siku 60 kama vile kampuni ya kuleta mashini.

Tusidanganyane: mashamba mingi ilimezwa na migodi, na vijana wengi waliacha jembe wakaenda kuchimba. Hawatarudi kwa sababu ya maneno matamu. Watarudi siku mahindi italipa.

Ndugu madelege, tukirudia pa meza ya convention collective, tubebe mushahara ku mukono moja, na ku mukono ya pili tubebe ombi hili: sehemu ya chakula ya kantini inunuliwe ku soko za vijiji vinavyozunguka mugodi, iandikwe kwa kilo na kwa mwezi, na sendika ipewe ruhusa ya kuangalia vitabu. Nyongeza ya mushahara bunga inaweza kuila. Mununuzi wa kweli kijijini, bunga haiwezi kumukula.