Statuti ya PDF: tulijaribu programu za bure

Koperative nyingi zinapokea mufano wa statuti kwa PDF. Kusoma ni rahisi. Kuandika ndani jina la koperative na kiasi cha hisa, hapana. Wengine wanalipa sekretaria publiki ipige upya kurasa zote.

Tulijaribu LibreOffice. Ikishawekwa kwenye ordinatere, inatumika bila intaneti. Sehemu yake iitwayo Draw inafungua PDF, na maneno munayabadilisha humo humo. Lakini kila mustari unakuja peke yake kama kisanduku: ukiongeza maneno mengi, mistari ya chini haisogei. Kwa jina ao namba inatosha. Kwa kifungu kizima, afazali kukopia maneno na kuyapeleka kwenye Writer.

PDF ikiwa ni karatasi iliyopigwa skani, Draw inaonyesha picha tu. Hapo tulitumia Tesseract, nayo ya bure. Kila ukurasa unahifadhiwa kwanza kama picha, kisha programu inasoma herufi. Inajua Kifaransa na Kiswahili, mukipakua faili ya kila luga. Amri zake zinaandikwa kwa mukono, basi muombe kijana anayezoea ordinatere. Na fotokopi ya fotokopi, mutachoka nayo!

Hatari iko kwenye namba. 3 inaweza kutoka 8, na hiyo ni hisa ya mwanamemba, ao hesabu ya watu wanaotakiwa ili mukutano mukuu upige kura. Mumoja asome karatasi ya kwanza kwa sauti, mwengine afuate kwenye ekrani, mbele ya mutu yeyote kutia sahihi.