Kitafe Ana Uzito Gani?

Kuku wakipungua bandani, sisi wa Ruponda hatukawii kusema, "Nguchiro huyo!" Mara mbwa wanaitwa, marungu yanachukuliwa, kichuguu kinafukuliwa. Wengine wanatega nyama yenye sumu. Lakini je, mwizi tumemjua?

Korosho zetu hatukubali zikadiriwe kwa macho. Tunataka zipimwe. Basi na huyu mtuhumiwa tumpime.

Nguchiro wako wa aina nyingi. Mdogo kuliko wote anaitwa kitafe. Ana rangi ya kahawia, na anakaa ndani ya vichuguu. Chukua rula ya mwanafunzi, ile ya sentimita 30. Mwili wa kitafe, bila mkia, ni sentimita 16 mpaka 23. Rula inamshinda! Uzito wake ni gramu 210 mpaka 350. Robo kilo ya sukari ni gramu 250. Kwa hiyo ukishika robo ya sukari mkononi, ni kama umemshika kitafe.

Sasa tufanye hesabu. Kuku wa kilo moja na nusu ana gramu 1,500. Hao ni sawa na vitafe 6 wa robo kilo. Mnyama wa robo kilo atambebaje kuku mzima hadi porini? Hawezi. Vifaranga na mayai, hapo sawa, anaweza kula.

Jambo la pili ni saa. Kitafe hutembea mchana. Jua likizama amekwisha kuingia kichuguuni na wenzake. Kuku akichukuliwa usiku wa manane, tusimsingizie kitafe. Tumfikirie kanu, mwenye madoadoa, anayepanda miti, na uzito wake ni kama kilo 2. Au karambago, yule nguchiro mkubwa mwenye mkia mweupe. Yeye ana kilo 2 mpaka 5, na hutembea usiku.

Je, kitafe anakula nini siku zote? Chakula chake kikubwa ni wadudu: panzi, mchwa, mende, hata nge. Hula pia mijusi na panya. Kumbe shambani anatusaidia! Wanakaa kundi la kumi hivi, na mmoja hupanda juu kulinda wenzake wakila. Mwaka 1983 mtaalamu Anne Rasa alieleza habari za vitafe wa nyika ya Taru, nchini Kenya. Aliona hondohondo wakifuatana nao. Vitafe wakifukua, panzi wanaruka, ndege wanakula. Mwewe akija, hondohondo wanapiga kelele, na vitafe wanakimbilia shimoni. Huo ni ujirani mwema.

Duniani wako walanyama wadogo zaidi. Huko Australia kuna planigale, wa jamii ya wanyama wanaolea watoto katika mfuko wa tumboni. Mmoja wao ana gramu 4 au 5 tu. Hata hivyo anakamata panzi na kumla.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuache sumu. Sumu haichagui. Leo inaua nguchiro, kesho mbwa wako, na ikichezewa na mtoto ni msiba. Pili, tujenge banda lililoinuliwa juu ya nguzo, na mlango tuufunge kabla ya giza. Mnyama mwembamba hupita penye nafasi ndogo. Kwa hiyo matundu ya ukutani yasizidi sentimita 2. Tatu, vifaranga wadogo tuwafunike kwa tenga mchana. Hapo mwewe naye atakosa.

Tena, jihadharini. Nguchiro, kama mbwa, anaweza kupata kichaa cha mbwa. Akija nyumbani bila woga, usimshike. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, halafu nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje uone kama utaumwa, maana ugonjwa ukishaanza ni vigumu mno kupona. Na mbwa wetu tuwapeleke wachanjwe.

Hesabu ya nyumbani: Kitafe mmoja ana gramu 300. Karambago ana kilo 3. Je, vitafe wangapi wanalingana na karambago huyo? Ukipata jibu, nenda kaliangalie tundu la banda lako. Umelipima?