Nyiragongo: Njia ikifungwa, wabeba mizigo wa Kibati hubaki bila kazi

Safari ya kupanda volkano ya Nyiragongo huanzia Kibati, kaskazini mwa mji wa Goma, kwenye barabara ya Rutshuru. Ni kilomita 8 hivi za kupanda tu, saa 4 hadi 6, mpaka kilele chenye urefu wa mita 3.470.

Mwanzoni ni msitu na njia ni rahisi. Kisha mtu anaingia kwenye mawe ya lava ya mwaka 2002, yanayoviringika chini ya kiatu, karibu na ufa uliomwaga moto hadi katikati ya Goma. Sehemu ya mwisho ndiyo mwinuko mkali zaidi, na wengi wanaimaliza kwa kushika mawe kwa mikono.

Juu hakuna maji, na usiku kuna baridi kali. Kila kitu, hata makala ya kupikia, kinabebwa mgongoni na vijana wa vijiji vya jirani.

Lakini njia hufungwa mara kwa mara. Mwezi Mei 2018 mbuga ya Virunga ilisimamisha utalii baada ya mlinzi kuuawa na watalii wawili kutekwa. Mwaka 2020 ikawa korona. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ikalipuka, lava ikafika Buhene. Halafu vita vya M23 vikafika Kibati, na Kanyaruchinya, pale chini, ikajaa wakimbizi wa ndani.

Mbebaji hulipwa kwa safari. Pasipo mgeni hakuna hata franka moja, na msitu ulio kandokando ya njia ndiyo huo huo wenye miti ya kuchoma makala, ambayo Goma hununua kila siku.