Riba nafuu pekee haimletei mkulima wa Kakamega mkopo

MVUA ya masika inapoanza mwezi Machi, mkulima wa mahindi katika Kaunti ya Kakamega huhitaji fedha za mbegu, mbolea na vibarua. Mavuno hayaji kabla ya Agosti. Mwenye miwa hungoja zaidi ya mwaka mmoja.

Benki nazo, kwa desturi, hutaka mambo mawili ambayo mkulima huyo ni nadra kuwa nayo: malipo ya kila mwezi na hatimiliki ya shamba. Mashamba mengi ni madogo, na mengine yangali yamesajiliwa kwa majina ya mababu waliokwisha kufariki.

Mnamo Septemba 2016, serikali ilianza kutekeleza sheria iliyozuia riba ya mikopo kuzidi kiwango cha Benki Kuu ya Kenya kwa zaidi ya pointi nne za asilimia. Nia ilikuwa kumpunguzia mkopaji mzigo. Hata hivyo, kwa kuwa benki hazikuruhusiwa kuwatoza zaidi wateja zilizowaona kuwa hatari, nyingi zilipunguza mikopo midogo na kupendelea kuikopesha serikali. Kikomo hicho kiliondolewa Novemba 2019. Riba ilishuka, bali mkopo wenyewe ukawa adimu.

Mageuzi yaliyogusa kiini cha tatizo ni sheria ya mwaka 2017 kuhusu mali inayohamishika. Iliruhusu ng'ombe, mitambo na hata mazao yaliyo shambani kuwekwa dhamana, mradi yaandikishwe katika sajili maalumu. Kwa asiye na hatimiliki, ng'ombe wa maziwa aweza kumfungulia mlango wa benki.

Lakini dhamana si soko. Kampuni ya Sukari ya Mumias, iliyotegemewa na maelfu ya wakulima wa miwa, iliwekwa chini ya meneja mrasimu Septemba 2019 kutokana na madeni. Hakuna sheria ya benki iwezayo kumwezesha mkulima kulipa deni iwapo mnunuzi wake ameanguka. Akishindwa, ng'ombe aliyemweka rehani ndiye huchukuliwa, na maziwa ya watoto huenda naye.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi, yafaa mkulima aulize maswali matatu: malipo ya kwanza ni lini, je, yatangoja mavuno, na nani atabeba hasara mvua ikikosekana?