Katuni kwenye kamera ya simu: kipi halisi, kipi cha bandia?

Huenda umeona kamera ya simu ikionyesha chumba chako pamoja na kiti ambacho hakipo. Kiti hicho kimetengenezwa na kompyuta, kisha kikawekwa juu ya picha halisi. Mara nyingi tunakitambua upesi, kwa sababu mwanga na kivuli chake havilingani na vya chumba.

Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, walionyesha njia nyingine. Programu yao iligeuza picha yote kuwa mchoro: rangi zilipunguzwa na kingo za vitu zikachorwa kwa mistari myeusi, kama katuni. Chumba na kiti vikafanana. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kuwa watazamaji walipata shida zaidi kutofautisha kitu halisi na cha bandia.

Kwenye michezo na hadithi za watoto, hilo ni jambo zuri. Kwenye biashara, tuwe macho. Ukitumiwa video ya nyumba au mifugo iliyotiwa filta ya katuni, omba ya kawaida, na nenda ukajionee mwenyewe kabla ya kulipa.