Herufi Nne na Vyeo Vingi: Mungu Anavyotajwa katika Maandiko ya Kiebrania

Katika Maandiko ya Kiebrania, ambayo Wakristo huyaita Agano la Kale, Mungu wa Israeli ana jina moja tu lililo jina hasa, kama Musa na Daudi walivyo na majina yao. Mengine yote, na ni mengi, ni vyeo, sifa au lakabu. Jina hilo huandikwa kwa herufi nne, yod, he, waw na he, ambazo kwa herufi za Kilatini huwa YHWH. Limo zaidi ya mara 6,800, na hakuna jina lingine lolote katika vitabu hivyo linalolikaribia kwa wingi. Hata hivyo Myahudi anayeshika dini halitamki, na hakuna mtu wa leo awezaye kuapa kwamba analijua lilivyotamkwa zamani.

Vyeo vilitangulia. Neno la kale kabisa ni El, ambalo ndugu zake wametapakaa katika lugha zote za Kisemiti: Waakadi walisema ilu, Waaramu elah, Waarabu ilah. Eloah, umbo linalopatikana sana katika kitabu cha Ayubu, ni la ukoo huohuo na Allah, neno ambalo Wakristo wa Kiarabu nao hulitumia katika sala na Biblia zao hadi leo. Lakini El lilikuwa pia jina la mungu mahususi. Huko Ugarit, mji wa kale katika pwani ya Syria ulioanza kufukuliwa mwaka 1929, vibao vya udongo vinamwonyesha El kama mkuu wa baraza la miungu, mzee mwenye ndevu za mvi na hekima nyingi, aliyemzidi cheo hata Baali.

Kitabu cha Mwanzo kinatumia neno hilo kwa namna yake. Mara nyingi El anapotajwa humo, anatajwa pamoja na sifa, na sifa hiyo imefungamana na mahali. Melkizedeki, mfalme na kuhani wa Salemu, anambariki Abramu kwa El Elyon, Mungu Aliye Juu. Hajiri, mjakazi aliyekimbia mateso ya bibi yake, anakutana na Mungu penye kisima jangwani na kumwita El Roi, Mungu aonaye; ndiye mtu wa kwanza katika Biblia kumpa Mungu jina, naye ni mwanamke, mtumwa na Mmisri. Beer-sheba ni pa El Olam, Mungu wa milele, na Betheli Yakobo anajenga madhabahu ya El wa Betheli. Wataalamu wengi wanaona hapa alama za mahali patakatifu pa kale, kila mahali na jina lake, majina yaliyokuja kukusanywa kwa Mungu mmoja.

El Shaddai ndilo gumu kuliko yote. Biblia za Kiswahili husema Mungu Mwenyezi, lakini tafsiri hiyo imetoka kwa Wagiriki na Walatini: watafsiri wa kale wa Ayubu waliandika mara kadhaa Pantokrator, mtawala wa vyote, na Kilatini kikafuata kwa Omnipotens. Kiebrania chenyewe hakisemi hivyo waziwazi. Wapo wanaolihusisha neno hilo na shadu, mlima kwa Kiakadi. Wengine wanataja shad, titi, kwa kuwa katika Mwanzo El Shaddai ndiye anayeahidi uzazi na wajukuu tele. Katika mara 48 za Shaddai, 31 zimo katika Ayubu, kitabu ambacho mhusika wake mkuu si Mwisraeli. Mwaka 1967 huko Deir Alla, Yordani, yalipatikana maandishi ya ukutani yanayomtaja nabii Balaamu mwana wa Beori pamoja na kundi la miungu waitwao shaddayin. Kumbe neno lilivuka mipaka ya Israeli.

Elohim, linalotumika kiasi cha mara 2,600, ni la ajabu kisarufi, kwani umbo lake ni la wingi. Linapomhusu Mungu wa Israeli, kitenzi hubaki katika umoja tangu aya ya kwanza ya Mwanzo. Linapohusu miungu ya mataifa, ni wingi kweli. Maelezo ya kawaida ni kwamba wingi huo ni wa ukuu. Neno lenyewe lina mipaka mipana: mwanamke wa Endori anapouona mzimu wa Samweli ukipanda kutoka ardhini, anasema anaona elohim.

Jina la herufi nne linafunuliwa kwa Musa, penye kichaka kinachowaka, katika Kutoka sura ya 3. Musa anauliza jina, na jibu linacheza na kitenzi hayah, kuwa, katika nafsi ya kwanza: ehyeh, yaani nipo au nitakuwa. Ni jibu na si jibu. Msomaji akitaka anaweza kulichukua kama fumbo la uwepo wa milele, kama walivyofanya Wagiriki, au kama ahadi ya mtu anayesema atakuwapo atakapohitajika, na muktadha wa watumwa wanaosubiri kutolewa Misri unaunga mkono maana hii ya pili zaidi. Sura ya 6 inaongeza kwamba Ibrahimu, Isaka na Yakobo walimjua kama El Shaddai, bali jina YHWH hawakulijua.

Hapo pana shida ambayo wasomaji makini wameiona tangu zamani: Mwanzo inalitumia jina hilo tele, na sura ya 4 inadai watu walianza kuliitia siku za Enoshi, vizazi vingi kabla ya Musa. Mwaka 1753 tabibu Mfaransa, Jean Astruc, alichapisha bila kutaja jina lake kitabu kilichozipanga habari za Mwanzo katika safu kwa kufuata majina ya Mungu, akisema kwamba Musa alitumia hati mbalimbali. Alikusudia kumtetea Musa. Mbegu aliyoipanda ikaota nadharia kwamba Torati imesukwa kwa vyanzo kadhaa vya nyakati tofauti, nadharia iliyopewa sura yake mashuhuri na Mjerumani Julius Wellhausen katika karne ya 19. Leo wataalamu hawakubaliani tena juu ya vyanzo hivyo vyote, na wapo kama Umberto Cassuto waliosema waandishi walibadili majina kwa kusudi la maana. Hata hivyo, kwamba majina hubadilika kwa mpangilio si jambo la kubuni. Linganisha Zaburi ya 14 na ya 53: ni shairi moja karibu neno kwa neno, ila penye YHWH katika ile ya kwanza, ya pili ina Elohim.

Nje ya Biblia jina hilo lina ushahidi wa kuchongwa. Katika hekalu la Soleb huko Nubia, Sudan ya leo, orodha ya farao Amenhotep III wa karne ya 14 KK inataja nchi ya wahamaji Washasu yenye jina linalofanana na Yahu. Wengi wanaliona kuwa kumbukumbu ya zamani kuliko zote, na linakwenda sambamba na mashairi ya kale ya Biblia yanayosema Mungu alitoka kusini, Seiri na Temani. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, la karne ya 9 KK, ambalo sasa limo katika jumba la Louvre mjini Paris, lina majisifu ya adui: Mesha anaeleza jinsi alivyoteka vyombo vya YHWH na kuviburuta mbele ya mungu wake Kemoshi. Huko Kuntillet Ajrud, kaskazini mwa Sinai, mitungi ya mwaka 800 KK hivi ina baraka za YHWH wa Samaria na YHWH wa Temani, pamoja na Ashera wake, jina la mungu wa kike wa Kanaani, jambo linaloonyesha kwa nini manabii walikuwa na kazi nzito.

Kazi hiyo inaonekana vizuri katika neno baali. Maana yake ni bwana, mwenye mali, mume, na kwa muda Waisraeli walilitumia kwa Mungu wao bila haya. Mfalme Sauli alimpa mwanawe mmoja jina Yonathani, YHWH ametoa, na mwingine Eshbaali, mtu wa Baali. Mmoja wa wapiganaji wa Daudi aliitwa Bealia, ambalo ni sawa na kusema YHWH ndiye Baali. Kisha vita dhidi ya mungu wa Wakanaani vikapamba moto, na Hosea akatangaza siku ambayo Israeli hataita tena kwa neno hilo. Wanakili walifika mbali zaidi: Mambo ya Nyakati ya Kwanza imehifadhi Eshbaali na Merib-baali, lakini vitabu vya Samweli vimewageuza kuwa Ishboshethi na Mefiboshethi, ambamo bosheth ni aibu. Waliosoma habari za kilema Mefiboshethi kula mezani pa Daudi wamekuwa wakisoma tusi la mhariri.

Cheo YHWH Sebaoth, Bwana wa majeshi, hakimo kabisa katika Torati. Kinaanza katika Samweli, penye hekalu la Shilo na sanduku la agano lililobebwa vitani, kisha kinajaa kwa manabii kama Isaya, Yeremia, Hagai, Zekaria na Malaki. Ezekieli hakitumii hata mara moja. Majeshi hayo ni askari wa Israeli, au nyota, au malaika, kutegemea mahali. Isaya anapenda zaidi Mtakatifu wa Israeli. Mwamba, mchungaji, mfalme, Hofu ya Isaka, na Mzee wa Siku wa Danieli ni lakabu za mashairi, masimulizi na maono. Mhubiri hana YHWH hata mahali pamoja, ana Elohim tu. Esta haina jina la Mungu la aina yoyote.

Majina ya watu ndiyo yaliyosafiri mbali zaidi. Yale yenye -eli yanabeba El: Danieli, Samweli, Ezekieli, na pia Ismaili na Jibrili wanaojulikana misikitini. Yale yanayoishia -ia au -ya, kama Obadia, Yeremia na Isaya, yanabeba ufupisho wa herufi nne, Yahu. Eliya lina yote mawili, Mungu wangu ni Yahu, na Yoeli ni hayohayo yaliyopinduliwa. Ufupisho Yah unasikika pia mwishoni mwa haleluya.

Lakini kwa nini jina lililojaa hivyo lilinyamazishwa? Si kwa amri ya siku moja. Barua zilizoandikwa kwenye vigae huko Lakishi, mapema karne ya 6 KK, zinaanza kwa salamu za YHWH kama kawaida ya mtu na mkubwa wake. Askari Wayahudi wa kisiwa cha Elefantini, karibu na Aswan, karne ya 5 KK walikuwa na hekalu lao la Yahu. Woga ulikua taratibu, ukitegemea amri ya kutolitaja jina bure na adhabu ya Walawi 24 kwa anayelikufuru. Katika magombo ya Bahari ya Chumvi wanakili wengine waliliandika kwa herufi za kizamani katikati ya maandishi ya kawaida, wengine wakaweka nukta nne tu. Kwa mujibu wa Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, kuhani mkuu alilitamka hekaluni Siku ya Upatanisho, na watu waliolisikia walianguka kifudifudi. Hekalu lilipobomolewa mwaka 70 BK, pahali pa kulitamkia pakatoweka.

Msomaji wa sinagogi anapolikuta husema Adonai, Bwana wangu. Katika mazungumzo ya kawaida husema HaShem, Jina. Wagiriki walisema Kyrios, Walatini Dominus. Baadhi ya nakala za Kigiriki zilibakiza herufi nne za Kiebrania, na Yeronimo, mtafsiri wa Biblia ya Kilatini, anasimulia kwamba wasiojua walizisoma kwa sura zake kana kwamba ni za Kigiriki, PIPI. Karne nyingi baadaye Wamasora, waliotia irabu katika maandiko, waliliandika jina na irabu za neno la kusomwa badala yake, ili kumkumbusha msomaji. Wakristo wa Ulaya walichanganya konsonanti za huku na irabu za kule, wakapata Yehova, umbo lililokwishaonekana katika karne ya 13. Umbo Yahwe linategemea mashahidi kama waandishi wa kale wa Kikristo Klementi wa Aleksandria na Theodoreti, ambaye aliandika kwamba Wasamaria walisema Iabe. Wanaisimu wengi wanalikubali, ingawa bado ni makisio, tena mazuri.

Yehova-yire, Yehova-nisi na Yehova-shama, yanayoimbwa makanisani na kuandikwa kwenye maduka na magari ya abiria Afrika Mashariki, kwa hakika si majina ya Mungu katika matini yake. Mawili ya kwanza ni ya mlima alikotolewa kondoo badala ya Isaka na ya madhabahu ya Musa baada ya kuwashinda Waamaleki. La tatu ni la mji aliouona Ezekieli.

Makanisa yamechagua njia tofauti. Mwaka 2008 Vatikani iliagiza kwamba Yahwe lisitamkwe katika ibada. Mashahidi wa Yehova hulitumia umbo lao kila mahali. Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, huandika BWANA kwa herufi kubwa, na Yehova pachache tu, kama katika Kutoka 6:3. Habari Njema imechagua Mwenyezi-Mungu, maneno ambayo Waislamu wa pwani huyatumia kila siku. Na katika Ezekieli, ambako Union ina Bwana MUNGU zaidi ya mara 200, herufi kubwa zimehamia kwenye neno la pili kwa sababu Kiebrania kina Adonai YHWH, na msomaji, asije akasema Adonai mara mbili, hapo husoma Elohim.