Anayeumia zaidi si mwenye kazi nyingi

Kijana ameajiriwa Dar es Salaam, na miezi mitatu haijaisha anaanza kulalamika: usingizi hauji, kichwa kinamgonga, na kila Jumapili jioni tumbo linamvuruga. Wakubwa zake wana jibu tayari. Hata sisi tulianza hivyo hivyo, vumilia, utazoea. Wanaamini kinachomsumbua ni wingi wa kazi, na kwamba dawa ya wingi ni mazoea. Sisi tunaoshughulika na afya ya wafanyakazi tuna sababu ya kutokubaliana nao.

Mwaka 1967 watafiti wa London walianza kufuatilia afya ya wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali ya Uingereza. Mtu angedhani wakubwa, wenye mikutano isiyokwisha na maamuzi mazito, ndio wangetangulia kufa kwa ugonjwa wa moyo. Ikawa kinyume chake. Watumishi wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na wangoja milango, walikufa kwa ugonjwa huo zaidi ya mara tatu ya walioketi juu. Sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 ukiongozwa na Michael Marmot na safari hii ukiwahusisha wanawake pia, ulionyesha kwamba jambo mojawapo lililowatenganisha ni kiasi ambacho mtu ana sauti juu ya kazi yake mwenyewe: aanze na lipi, alifanyeje, apumzike lini.

Mmarekani Robert Karasek alikuwa amelisema hilo tangu mwaka 1979. Kazi nyingi peke yake, alieleza, haitoshi kumdhuru mtu. Wapo wanaolemewa na kazi na bado wanachangamka, kwa sababu wanaipanga wenyewe. Kinachodhuru ni madai makubwa ya kazi yakikutana na uhuru mdogo wa kuamua. Ni kama kulipakia lori tani za saruji kisha usukani ukamkabidhi mtu mwingine.

Sasa mwangalie huyo kijana wetu. Saa nne asubuhi mkuu wa kitengo anamtaka amalize ripoti. Saa sita mhasibu anamtuma akusanye risiti za safari, za haraka. Saa tisa mkurugenzi mwenyewe anapita mezani, “Mdogo wangu, hebu nisaidie hii kidogo,” na hiyo kidogo inamweka ofisini hadi jua linazama. Saa tatu usiku, akiwa kwenye daladala ya Mbagala, grupu la WhatsApp la ofisi linalia: nani amefikia wapi na ile ripoti? Kazi zenyewe, ukizipima moja moja, si ngumu. Shida ni kwamba ana mabwana watatu, hakuna aliyemwambia ipi itangulie, na yoyote atakayoichelewesha lawama ni yake. Swali la kuuliza analo, lakini akiuliza anaogopa ataonekana hajui kazi.

Mwili hautofautishi sana hofu ya namna hii na hofu ya kukimbizwa. Homoni za hatari, adrenalini na kotisoli, zinamwagika katika damu, moyo unaenda mbio, misuli inakaza. Kwa dakika chache hiyo ni neema. Ikiwa ndiyo hali ya kila siku hadi usiku, usingizi unaharibika, na aliyekosa usingizi hukosea zaidi kesho yake, akakaripiwa zaidi.

Kwa nini haondoki? Tazama slipu yake. Tuseme mshahara ni shilingi 800,000, akiwa na mkopo wa chuo. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 80,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15, yaani 120,000. Kodi ya mapato ni 60,000. Anabaki na 540,000, na kabla hajalipa kodi ya chumba simu ya nyumbani imeshaita: ada ya mdogo wake, dawa za bibi. Kwa ukoo mzima yeye ni mtu mwenye kazi nzuri mjini. Hawezi kuacha, na mara nyingi hawezi hata kuwaeleza kwamba anaumwa.

Sheria nayo inamlinda nusu nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na saa za ziada zifanywe kwa makubaliano na zilipwe mara moja na nusu. Lakini kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo mwenye haja kubwa ya kusema “hapana” ndiye asiye na ubavu wa kuisema.

Ndiyo maana semina za kuwafundisha vijana kuvuta pumzi hazinishawishi sana. Zinamtibu dereva, usukani haurudi. Mkuu wa kitengo anaweza kufanya zaidi kwa gharama ndogo: mgeni apewe mtu mmoja tu wa kumgawia kazi, na wengine wote wapitie kwake. Kila agizo lije na siku ya mwisho na kauli ya nini kinaweza kusubiri. Ujumbe wa usiku ungoje asubuhi. Na tangu mwezi wa kwanza apewe jambo, hata dogo, ambalo uamuzi wake ni wa kwake.

Kwa upande wake, kijana akiongezewa kazi ya tatu asikatae wala asinyamaze. Aandike ujumbe mfupi: “Bosi, nina ripoti na risiti mkononi. Hii niiweke kabla ya ipi?” Swali hilo halina utovu wa adabu, na linamrudishia mkubwa mzigo wa kuchagua. Lakini ikiwa huzuni au kukata tamaa kumemkalia wiki mbili mfululizo, hata siku za mapumziko, hapo si suala la kupanga kazi tena; aende hospitali akamwone daktari, na aeleze yote, si kichwa tu.